Stata, R, SAS au SPSS: ipi ikuchoree grafu za sampuli changamano?

Jedwali limeshatoka, makadirio yapo, kosa sanifu (kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba) lipo, na aliyekuagiza kazi sasa anataka grafu. Kwa data ya kawaida hiyo ni kazi ya dakika tano. Kwa sampuli changamano, yaani data iliyokusanywa kwa matabaka (sehemu za jamii zilizotenganishwa kabla ya kuchagua) na klasta (makundi yanayochaguliwa kwa pamoja), kila mhojiwa akiwa na uzito wake, yaani idadi ya watu anaowawakilisha, hapo ndipo kazi nzuri huharibikia mlangoni. Jedwali liko sahihi, lakini grafu iliyo chini yake imechorwa kwa amri nyingine kabisa, amri isiyojua kama kuna klasta duniani. Na sote tunajua msomaji anatazama nini. Anatazama grafu, jedwali analiruka.

Watu huuliza programu ipi ya takwimu inachora vizuri zaidi. Zote zinachora vizuri ukizivumilia. Mimi ningeuliza hivi: kutoka kwenye makadirio yenye kosa sanifu sahihi hadi kwenye picha kuna hatua ngapi, na ni hatua ipi kati ya hizo inayoweza kuutupa muundo wa sampuli kimyakimya? Hapo ndipo programu hizi nne zinapoachana, na kuachana kwenyewe si kidogo.

Kwanza, unachora nini hasa?

Kuna grafu za data na grafu za makadirio. Grafu ya data ni histogramu, grafu ya mtawanyiko, grafu ya kisanduku: unamwonyesha msomaji jinsi thamani zilivyokaa katika jamii nzima. Hii inahitaji uzito tu. Matabaka na klasta havibadilishi umbo lake.

Grafu ya makadirio ni wastani au asilimia ya kila kundi, au mstari wa regresheni, pamoja na masafa ya uhakika ya asilimia 95. Yale masafa, kile kijistari kinachopanda na kushuka kutoka kwenye nukta, nitakiita sharubu. Sharubu ndiyo inayohitaji muundo wote wa sampuli: uzito, matabaka, klasta, na pengine sehemu ya jamii iliyochaguliwa kama ni kubwa.

Usidhani kwamba kwa grafu ya data uzito ni pambo. Kifurushi cha survey cha R kinakuja na data ya shule za California, na mojawapo ya sampuli zake ina shule 200: za msingi 100, za kati 50, za sekondari ya juu 50. Katika jamii nzima ya shule 6,194, za msingi ni 4,421. Kwa hiyo shule moja ya msingi kwenye sampuli inasimama badala ya shule 44.21, na moja ya sekondari ya juu inasimama badala ya 15.1 tu. Ukichora mtawanyiko bila uzito, nusu ya nukta ni shule za msingi. Katika uhalisia ni zaidi ya asilimia 71. Macho ya msomaji yatasoma wingi wa nukta kama wingi wa shule, na utakuwa umemdanganya bila kuandika neno hata moja la uongo.

Kwa upande wa sharubu nitatumia data ya NHANES II, utafiti wa afya na lishe wa Marekani wa mwaka 1976 hadi 1980, kwa sababu Stata inaitumia katika mifano yake na yeyote anaweza kuifungua. Ina watu 10,351, matabaka 31 na klasta 62. Jumla ya uzito ni 117,157,513, yaani idadi ya watu ambao sampuli ile inawawakilisha. Digrii za uhuru, namba inayoamua kosa sanifu lizidishwe kwa ngapi ili kupata sharubu, ni klasta kutoa matabaka, 62 kutoa 31, sawa na 31. Ishike hiyo 31, nitairudia.

Stata: njia fupi kuliko zote kwa modeli

Ukishatangaza muundo kwa amri ya svyset, kila amri yenye svy: mbele yake inauheshimu. Kisha kuna ndugu wawili, margins na marginsplot. Wa kwanza aliingia na Stata 11, wa pili na Stata 12, na kwa kweli ndio wanaowafanya watu wengi wabaki na Stata hata baada ya kujifunza R. Mfano:

```
webuse nhanes2
svyset
svy: logistic highbp i.agegrp##i.sex bmi
margins agegrp#sex, vce(unconditional)
marginsplot, recast(scatter)
```

Mstari wa pili hauna kitu baada yake kwa sababu data hii inakuja muundo wake ukiwa umeshatangazwa. Amri inakuonyesha tu ulivyo. Mstari wa nne unakokotoa uwezekano wa shinikizo la damu kwa kila rika na jinsia. Lile neno unconditional linaiambia Stata kwamba hata BMI (uwiano wa uzito wa mwili na urefu) za watu hawa zimetoka kwenye sampuli, kwa hiyo kubahatisha kwake nako kuhesabiwe. Mstari wa mwisho unachora. Hakuna mahali uliponakili namba kwa mkono, hakuna faili la katikati, na kosa sanifu lililotoka kwenye muundo ndilo hilo hilo lililoingia kwenye sharubu.

Nimeweka recast(scatter) kwa makusudi. Ukiiacha, marginsplot inaunganisha nukta kwa mistari, na kwa makundi yasiyo na mfuatano, tuseme mikoa minne, mstari huo hauna maana yoyote. Kwa rika unaweza kuuacha.

Udhaifu wa Stata uko kwenye grafu za data. Kiambishi svy: hakifanyi kazi mbele ya amri za grafu, kwa hiyo unarudi kwenye uzito wa kila amri, na kila amri ina masharti yake. graph bar inapokea pweight (uzito wa sampuli) na itakupa urefu sahihi wa pau, bila sharubu. histogram inakubali fweight (uzito wa marudio) peke yake, na fweight lazima iwe namba kamili. Uzito wako ukiwa na desimali, kama ulivyo uzito mwingi wa siku hizi, inabidi utengeneze nakala iliyokadirishwa kuwa namba kamili, kwa ajili ya histogramu tu. Inafanya kazi, picha inatoka sahihi, lakini ni aina ya ufundi ambao mtu anayeanza hataubuni mwenyewe.

Na kuna mtego mmoja wa kweli. lfitci, ile amri ya kuchora mstari wa regresheni na utepe wake, inapokea aweight (uzito wa usahihi wa kipimo). Mstari unaopita katikati utakuwa sahihi. Utepe haujui klasta. Aweight inasawazishwa ili jumla yake iwe idadi ya wahojiwa, kwa hiyo utepe unaonekana wa kawaida kabisa, hauna kinachokushtua. Kama athari ya muundo ni 4, yaani klasta na uzito vimeongeza variansi ya makadirio (mraba wa kosa sanifu) mara nne, basi utepe huo ni nusu ya upana unaostahili. Tumia margins kwenye thamani kadhaa za mhimili wa mlalo, kisha marginsplot yenye recastci(rarea). Mistari miwili zaidi, na utepe unakuwa wa haki.

Ukitaka kupanga wastani wa vigeu kumi tofauti kwenye picha moja, marginsplot haikufai sana. Hapo watumiaji wa Stata hukimbilia coefplot ya Ben Jann, ambayo husakinishwa kwa ssc install na huchora moja kwa moja kutoka kwenye makadirio yaliyohifadhiwa.

R: tajiri wa picha, lakini soma chaguo-msingi zake

Kifurushi cha survey cha Thomas Lumley ndicho pekee kati ya hivi vyote kilichochukulia grafu za data za sampuli changamano kama kazi inayojitegemea. svyhist inachora histogramu yenye uzito, svyboxplot kisanduku, svysmooth mkunjo, na svyplot inachora mtawanyiko kwa mitindo kadhaa. Hiyo mitindo ndiyo inayonifurahisha. Kwa shule 200, mtindo wa mapovu unatosha: kila shule ni duara lenye eneo linalolingana na uzito wake. Kwa watu 10,351 mapovu yanakuwa doa la wino. Hapo unachagua hex, unaogawa ukurasa katika pembe sita na kuzikuza kufuatana na jumla ya uzito ulioangukia humo, au subsample, unaochagua upya sehemu ya data kufuata uzito na kukuchorea sampuli ambayo ingepatikana kama kila mtu angekuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Mtindo huu wa mwisho ndio ninaoutumia mbele ya watu wasio wanatakwimu, kwa sababu hauhitaji maelezo. Nukta moja, mtu mmoja.

Kwa grafu za makadirio, wengi wetu sasa tunapitia srvyr, inayovisha survey mavazi ya dplyr (kifurushi cha kupanga data), kisha tunachora kwa ggplot2 (kifurushi cha kuchora). Hapa natumia data ya nhanes iliyomo ndani ya kifurushi cha survey, watu 8,591:

```
library(survey); library(srvyr); library(ggplot2)
data(nhanes)
muundo <- as_survey_design(nhanes, ids = SDMVPSU,
  strata = SDMVSTRA, weights = WTMEC2YR, nest = TRUE)
muundo |>
  group_by(agecat) |>
  summarise(p = survey_mean(HI_CHOL, vartype = "ci",
    proportion = TRUE, na.rm = TRUE)) |>
  ggplot(aes(agecat, p, ymin = p_low, ymax = p_upp)) +
  geom_pointrange()
```

Sehemu ya nest = TRUE ipo kwa sababu klasta zimepewa namba 1, 2, 3 upya ndani ya kila tabaka. Stata na SAS huchukulia hivyo zenyewe. R inagoma hadi uiambie, na mimi sioni ubaya: afadhali programu inayogoma kuliko inayokisia.

Sasa ile 31. Kwenye Stata, masafa ya uhakika hutumia mgawanyo wa t wenye digrii za uhuru za muundo, na kwa digrii 31 unazidisha kosa sanifu kwa 2.04. Kwenye survey, confint ya svymean au svyby ina chaguo-msingi la digrii za uhuru zisizo na kikomo, kwa hiyo unazidisha kwa 1.96. Sharubu za R zinatoka fupi kwa kama asilimia 4 kuliko za Stata, kwa data ile ile, makadirio yale yale, kosa sanifu lile lile. Watu wawili wanaofanya kazi pamoja wanaweza kupoteza siku nzima wakitafuta nani amekosea. Dawa ni df = degf(muundo), yaani kuiambia itumie digrii za uhuru za muundo. srvyr imeshalirekebisha hilo: yenyewe hutumia degf usipoiambia vinginevyo. svyciprop, amri ya survey ya masafa ya asilimia, pia. Asilimia 4 haitabadilisha sera ya mtu yeyote, nakubali. Lakini utafiti wenye klasta 12 tu katika matabaka 6 una digrii 6, na hapo kizidishi ni 2.45. Hiyo ni robo nzima ya sharubu.

Mtego mkubwa wa R ni dada wa ule wa Stata. ggplot2 inakuruhusu kuandika weight ndani ya aes, na kwa histogramu ni njia nzuri na ya haraka. Kwa geom_smooth ni hatari. Mstari unatoka sawa, utepe wa kijivu unaouzunguka unatafsiri uzito kama kipimo cha usahihi wa kila kipimo, na klasta hazimo. Uzuri wa utepe ule ndio unaouza uongo wake. Chora mstari kutoka kwenye svyglm (amri ya regresheni ya survey) kwa predict, au ukitaka mfano wa margins, kifurushi cha marginaleffects kinaielewa svyglm.

Asilimia ndogo: grafu mbili za kitu kimoja

Hili linahitaji nafasi yake kwa sababu ndilo linaloonekana kwa macho na ndilo linaloulizwa na wahakiki. Chukua hali isiyo ya kawaida, inayopatikana kwa asilimia 1 ya vijana. Masafa ya kawaida, kadirio ongeza na kutoa kosa sanifu mara mbili, yanaweza kushuka chini ya sifuri. Grafu inayoonyesha kwamba huenda asilimia hasi ya vijana wana kisukari haitetewi na mtu.

Stata hutumia mageuzi ya logit (masafa yanakokotolewa kwenye kipimo kisicho na mipaka, kisha yanarudishwa kwenye asilimia) ikiwa umepitia svy: proportion, kwa hiyo sharubu hazivuki 0 wala 1 na hazilingani juu na chini. Lakini ukipitia svy: logistic kisha margins, masafa yanakuwa ya pande sawa kwenye kipimo cha uwezekano, na yanaweza kuvuka. Njia mbili ndani ya programu moja, sharubu mbili tofauti. R nayo hivyo hivyo: svymean hutoa pande sawa, svyciprop hutoa logit usipochagua nyingine, na kile kipande cha proportion = TRUE kwenye mfano wangu ndicho kinachoiita svyciprop. SAS: PROC SURVEYMEANS ni pande sawa, PROC SURVEYFREQ inakupa logit, Wilson au Clopper-Pearson ukiziomba.

Sharubu zisizolingana juu na chini si kasoro. Nimewahi kuombwa "nizinyooshe". Nilikataa kwa upole.

SAS: hatua mbili, lakini hatua zilizo wazi

SAS haina kitu cha kulinganisha na wepesi wa marginsplot. Ilicho nacho ni nidhamu. Unakokotoa kwa PROC SURVEYMEANS, unatoa jedwali la matokeo kama data kwa ODS OUTPUT (ODS ni mfumo wa SAS wa kutoa matokeo), unachora kwa PROC SGPLOT:

```
proc surveymeans data=afya mean clm;
  strata tabaka; cluster klasta; weight uzito;
  domain rika;
  var shinikizo;
  ods output domain=makadirio;
run;
proc sgplot data=makadirio;
  scatter x=rika y=mean /
    yerrorlower=lowerclmean yerrorupper=upperclmean;
run;
```

Faili lile la makadirio unaweza kulifungua na kulikagua kabla ya kuchora. Kwa ofisi inayotoa grafu mia mbili zilezile kila mwaka, huo ni utaratibu mzuri kuliko uchawi wa amri moja. Na wengi husahau kwamba taratibu zenyewe za survey zinachora ODS Graphics ikiwashwa: SURVEYMEANS hutoa histogramu na kisanduku vyenye uzito, na SURVEYREG, modeli ikiwa na kigeu kimoja endelevu, hutoa mstari wa regresheni juu ya mapovu au ramani ya joto yenye uzito, na utepe wake unatoka kwenye muundo. Kwa grafu hiyo moja, SAS inazishinda Stata na R. Haihitaji ujanja.

SPSS: kokotoa, usichore

Nitakuwa mkali hapa. Moduli ya Complex Samples inakokotoa vizuri. Unaandaa faili la mpango, unaendesha CSDESCRIPTIVES au CSTABULATE, kosa sanifu linatoka sahihi. Grafu hazitoki, isipokuwa mikunjo michache kwenye modeli ya Cox (ya muda hadi tukio litokee). Mtumiaji anafanya kinachoonekana cha busara: anafungua kitengeneza-grafu cha kawaida, anawasha WEIGHT BY, anaomba wastani na masafa.

Kumbuka jumla ya uzito wetu, 117,157,513. WEIGHT ya SPSS inausoma uzito kama idadi ya marudio. Kwa hiyo kitengeneza-grafu kinaamini umehoji watu milioni 117. Gawanya kwa 10,351, chukua kipeuo cha pili: sharubu ni fupi zaidi ya mara 100 kuliko hata zile za sampuli rahisi ya nasibu. Kwenye skrini hazionekani kabisa, zinafichwa na unene wa nukta. Nimekutana na taarifa iliyochapishwa ikiwa na grafu ya aina hiyo na sentensi chini yake ikisifu usahihi wa makadirio.

Kama SPSS ndiyo uliyo nayo, tuma jedwali la CSTABULATE kwenye data kwa OMS (mfumo wa SPSS wa kuhifadhi matokeo kama data), zima WEIGHT, chora kutoka kwenye safu za mpaka wa chini na wa juu. Au peleka safu hizo tatu kwenye programu nyingine. Hata lahajedwali inachora sharubu ukiipa namba. Na kama data yako imekuja na uzito wa marudufu (safu nyingi za uzito za kukokotolea kosa sanifu) badala ya matabaka na klasta, SPSS haikusaidii kwenye ukokotoaji wenyewe, kwa sababu moduli hiyo inategemea njia ya Taylor, inayohitaji matabaka na klasta zenyewe. Stata, R na SAS zote tatu zinapokea uzito huo.

Python naitaja kwa kupita. samplics inakokotoa, matplotlib inachora, daraja kati yao unalijenga mwenyewe.

Kundi dogo na sharubu iliyopotea

Unataka grafu ya wanawake wenye umri wa miaka 70 na zaidi tu. Mkono unakwenda wenyewe kwenye if, au filter, au WHERE. Ukiondoa watu wengine kabla ya kukokotoa, klasta zisizo na mwanamke wa umri huo zinatoweka, na tabaka linaweza kubaki na klasta moja. Klasta moja haina ya kulinganishwa nayo, kwa hiyo variansi haikokotoleki.

Linalotokea baadaye ndilo linalotenganisha programu. R kwa chaguo-msingi inasimama na kulalamika. Stata inakupa kadirio na kosa sanifu tupu, alama ya nukta tu mahali pa namba. Ukipeleka matokeo hayo kwenye grafu unayoijenga mwenyewe kwa twoway rcap, kundi hilo linachorwa bila sharubu. Nilichora hivyo miaka ya mwanzo, pau sita, ya sita haina sharubu. Mkubwa wangu wa kazi akaisifu ile ya sita: "Hii ndiyo makadirio yetu bora." Ndiyo niliyokuwa sina hata kosa sanifu lake.

Stata tumia svy, subpop(). SAS tumia DOMAIN, kama nilivyofanya juu. Kwenye R kata muundo, usikate data: filter au subset ije baada ya as_survey_design. SPSS ina SUBPOP yake.

Tofauti kati ya makundi

Sharubu za wanaume na wanawake zinapishana, msomaji anasema hakuna tofauti. Hata kwa sampuli rahisi huo ni usomaji mbaya. Kwa klasta ni mbaya zaidi, kwa sababu wanaume na wanawake wametoka kwenye klasta zile zile na makadirio yao hupanda na kushuka pamoja. Tofauti yao inaweza kuwa na kosa sanifu dogo kuliko unavyodhani ukitazama sharubu mbili.

Chora tofauti yenyewe. Stata inaongoza hapa kwa mbali: margins r.sex@agegrp, kisha marginsplot, yline(0), na una tofauti ya jinsia kwa kila rika na mstari wa sifuri. R unapitia svyby yenye covmat = TRUE, kisha svycontrast, unakusanya namba, unachora. SAS, LSMEANS yenye DIFF ndani ya SURVEYREG.

Basi uchague ipi

Kama kazi yako kubwa ni modeli, na grafu zako ni uwezekano uliotabiriwa kwa makundi, na leseni ipo, baki Stata. Sijaona njia fupi zaidi yenye nafasi chache za kujikwaa.

Kama unaonyesha data yenyewe, au unatoa paneli ishirini kwa mikoa ishirini, au huna fedha ya leseni, R. Anza na srvyr ili digrii za uhuru zisikusumbue, na uiogope geom_smooth.

SAS ikiwa ofisi yako imeshaandika maelfu ya mistari yake na kila grafu lazima ikaguliwe na mtu wa pili. Usihamie SAS kwa ajili ya grafu.

SPSS ukiwa nayo tayari na huna muda wa kujifunza nyingine wiki hii, kwa sharti la kuzima WEIGHT kabla hujafungua kitengeneza-grafu. Hakikisha chini kulia ya dirisha hakuna maneno ya Weight On, ndipo uchore.